Vijiti vya Mama Chiriku

"Bado tunaweza kwenda kwingine," Mpima Ardhi alisema mlangoni, jasho linamtiririka kama aliyebeba jiwe la mpaka kichwani. "Humu wanalisha watu samaki wabichi."

"Mwanao kaniimbia mahali hapa wiki nzima," mkewe akamjibu. "Mkahawa wa Kijapani, sakafu ya kioo, samaki wanaogelea chini ya miguu. Sijui kauona kwenye televisheni ya nani."

"Mama, vua viatu!" Chiriku alikwisha kuvua vyake na kuvipanga rafuni. Alikuwa na miaka mitano, na mdomo wake haukupumzika hata usingizini.

Mama akacheka. Fundi cherehani huyu alikuwa hajacheka mbele ya mumewe mwaka mzima, tangu alipobeba cherehani yake na kuhamia kwa dada yake. Mume alikuwa na mwanamke ofisini, ndiyo, lakini kilichomtoa mke nyumbani ni uongo. Bwana yule aliapa hadi viapo vikamwishia, akaanza kuazima vya jirani. Siku hizi walikutana Jumamosi tu, baba akija kumchukua mtoto kumtembeza.

Asubuhi hiyo alituma ujumbe: "Tangu uondoke sijamtazama mwanamke mwingine. Rudi nyumbani. Nijibu leo tukila."

Jibu mke alikuwa nalo. Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye pochi, kaufuta mpaka unang'aa.

Ndani kulikuwa na giza la makusudi, lile la kitajiri. Sahani zilikuja pana kama sinia, chakula chenyewe katikati kama kifungo cha shati: samaki mbichi juu ya tonge la wali, kamwagiwa mchuzi wa embe, na pembeni donge la pilipili ya kijani. Simu ya fundi ikatetemeka. Dada yake.

"Umeshamjibu? Gari la kubeba cherehani liko hapa nje. Tupakie?"

Kabla hajajibu, mhudumu akafika na visanduku vitatu vya mbao vyenye majina, uso umejaa bashasha.

"Karibuni tena! Wageni wetu wa kila mara tunawatunzia vijiti vyao vya kulia. Hivi hapa vya Baba Chiriku. Hivi vya Chiriku mwenyewe, tumevifunga mpira visimkimbie. Na hivi vya Mama Chiri..."

Hapo akaiona sura ya fundi. Bashasha ikamdondoka.

"Samahani, dada. Nilidhani..."

"Mama Chiriku ni mimi," fundi akasema.

Mhudumu akainamia samaki wa sakafuni kana kwamba anawahesabu. Chiriku akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto huyu aliyewahi kumchosha kinyozi mpaka akafunga kibanda mchana kweupe, sasa alinyamaza.

"Mwanangu, hivi vijiti ni vya nani?"

"Baba alisema nisiseme."

"Mtoto anachanganya mambo," Mpima Ardhi akarukia.

"Sichanganyi! Ni vya Anti Nywele! Huwa tunakuja naye Jumamosi!"

Mume akashusha sauti. "Nisikilize, mke wangu. Jina hilo waliandika wenyewe, mimi sikuwatuma. Na yule tumeachana, mwezi sasa."

"Na ujumbe wa leo asubuhi?"

"Nilitaka urudi."

"Ungeniambia ukweli ningelia. Ningekutukana, wewe na ukoo wako mzima. Halafu ningerudi."

"Basi nakuambia sasa."

"Sasa nimeambiwa na kisanduku."

Machozi yalikuwa yamemlenga fundi, na mtoto alikuwa anamkodolea macho. Basi akachukua lile donge la kijani, zima, pilipili ya kumfufua farasi aliyekwisha kuzikwa, akalitia mdomoni. Machozi yakapata kibali.

"Mama, unalia?"

"Pilipili, mwanangu. Pilipili tu."

Chiriku akapanda kitini, akampuliza mdomoni, fuu, fuu. Halafu akasema taratibu:

"Anti Nywele naye alilia, hapo hapo ulipokaa. Ila yeye hakula pilipili."

Fundi akamtazama mumewe. Mume akatazama sahani.

Fundi akakifungua kisanduku cha tatu, akatoa vijiti, akaviweka mezani. Akautia ufunguo ndani, akafunika, akamkabidhi mhudumu.

"Mtunzie Baba Chiriku. Na hilo jina lifuteni."

"Mama Chiriku, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Wewe ndiye wanayekujua hapa, baba. Mimi mgeni."

Rafuni, Chiriku alihangaika na kamba za viatu.

"Mama, nimekosea kusema?"

"Hukukosea hata kidogo."

"Baba atanichukia?"

"Baba atakuchukua Jumamosi kama kawaida. Na siri za watu wazima usibebe tena, nzito."

"Lakini mimi nilikuleta hapa uache kulia. Umelia zaidi."

Fundi akapiga goti kumfunga kamba, akakawia pale chini kuliko kamba zilivyohitaji. Kisha, kiatu chake kimoja mguuni na kimoja mkononi, akamwandikia dada yake:

"Gari liondoke. Cherehani ibaki. Mtandikie mtoto."

Njia nzima kurudi kwa dada wa mama, Chiriku hakusema neno.