Aliyekuja Kuota Moto

Hester aliyaondoa magunia ya makaa ya mawe moja baada ya jingine, akayaburura hadi nje ukingoni mwa mfereji, lakini boti haikuinuka. Iliendelea kulalia kushoto, upande uleule yalikokuwa magunia.

"Rufus," alimwita mumewe, "njoo na kipimo cha pima maji."

Rufus akakilaza kipimo sakafuni, kiputo chake kikakimbilia kulia, upande ulioinuka; akakuna kichwa. "Labda tope limetushika chini. Maji yamepungua."

"Tumefungwa hapa tangu Septemba. Limetushika lini?"

Chanzo cha yote kilikuwa jiko. Baridi ilikuwa imeshabisha hodi, na binti yao wa miaka mitano, Tamsin, alikuwa na kifua ambacho daktari alikisikiliza, kisha akasema mtoto huyu asipigwe baridi mwaka huu, asipigwe kabisa. Nyumba za kupanga zilishawashinda; boti ndiyo iliyokuwa nyumba. Jiko la chuma walikuwa nalo, limefunikwa turubai. Walichokosa ni maelewano. Rufus alilitaka mbele, mlangoni, wanakoliweka watu wote wa boti, ili makaa yasiingizwe ndani na kuchafua njia nzima. Hester alilitaka katikati ya boti, ubavuni kushoto, mkabala na kitanda cha mtoto. Basi wakaweka pale katikati magunia yenye uzito wa jiko, kama wafanyavyo watu wa boti, waone boti itaegama kiasi gani na matofali ya chini ya sakafu, yanayoisawazisha, yahamishiwe wapi. Halafu wakabishana wiki nzima, magunia yamekaa palepale.

"Jiko si paka useme lilale popote," Rufus alikuwa akisema.

"Na mwanao si gunia umtupe mbali na moto."

Hester akashinda, maana mama anayetetea kifua cha mwanawe hashindiki. Wakatoboa paa, wakasimamisha bomba la moshi, wakahamisha matofali hadi viuno vikawauma. Boti ikagoma kunyooka. Moto ulishika vizuri, chuma kikapata moto wa kuunguza kidole, na bado walipozungumza pumzi zilitoka midomoni kama moshi. Ndipo ilipoanza harufu, ya tope la chini kabisa, ya majani yaliyooza, na ya nguo za sufu zilizolowa zikikaushwa karibu na moto. Hapakuwa na nguo iliyoanikwa.

Alasiri ile, giza la Desemba likiwa limeshaanza kuingia, Hester alimwambia Tamsin asogee karibu na jiko. Mtoto akapiga hatua, akasimama.

"Siwezi kupita, mama."

"Kupita wapi?"

"Amekaa hapo mbele." Alisema kwa ile sauti ndogo anayoitumia kukiwa na wageni. "Amenyoosha mikono. Anauota moto wote peke yake."

Hester akaitazama nafasi tupu iliyokuwa kati yao na jiko, akaona miali inacheza nyuma ya kioo, kisha akaona kwamba mwanga wake haufiki sakafuni, unakatikia njiani, na kwamba mbao za pale mbele zinalowa, taratibu, bila tone lolote kudondoka kutoka juu, unyevu ukitambaa na kuenea kwa umbo la mtu aliyeketi amekunja miguu, na alipotaka kupiga kelele meno yakagongana kwa baridi, akajikuta amembeba mtoto anatoka kinyumenyume, maana kuupa mgongo ule unyevu hakuweza.

Jirani yao Bi Pargeter, muuza makaa aliyezaliwa botini kama mama yake na bibi yake, aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Magunia yalikaa muda gani?"

"Wiki," Rufus akajibu.

"Na moto haukuwashwa hapo?"

Hester akatikisa kichwa.

"Wanangu, nani aliwafundisha hivyo?" Alishusha sauti. "Ukipima mahali pa jiko asubuhi, jioni uwashe chochote, hata mshumaa. Mahali pakitengwa kwa moto pakaachwa baridi, anapanda wa kuungoja. Waliozama mferejini humu ni wengi, na kila mmoja anasikia baridi."

"Tumtoeje?" Hester akanong'ona.

"Lihamisheni mlangoni. Atalifuata. Moto ukishika, fungueni milango, nami nitamwita huku nje."

Walilihamisha siku iliyofuata, wakaliwasha, wakafungua milango. Theluji ilikuwa inaanguka, kwa hiyo Tamsin wakamwacha kitandani, upande wa kulia, wamemzungushia mablanketi. Bi Pargeter akaweka ukingoni karai la makaa mekundu, akaanza kuita kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza farasi mwoga. Boti ikatikisika. Ile harufu ikakatika ghafla. Kwenye pima maji kiputo kikaanza kutembea, kikafika katikati.

Rufus akacheka huku machozi yanamtoka. "Ametoka! Hester, tazama, tumenyooka!"

Lakini kiputo hakikusimama. Kilipita katikati, kikaendelea.

"Huku hajafika," alisema Bi Pargeter polepole. Karai lake lilikuwa bado linawaka.

Boti ilikuwa inalalia kulia.

Hester alikimbilia ndani. Tamsin alikuwa ameketi kitandani, mablanketi yako chini, hakohoi hata kidogo.

"Sisikii baridi tena, mama."

Alimgusa shavu. Lilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje, na nywele za kisogoni zilikuwa zimelowa.

"Amesema jiko limekuwa mbali," mtoto akaeleza. "Mimi niko karibu."

Hester alivua koti, akajilaza, akamkumbatia mwanawe kifua kwa kifua ampe joto lake lote, akijua fika linakokwenda. Rufus alikuwa anamwita mlangoni, naye hakuitika. Vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha magoti. Hakumwachia. Nyuma yake godoro likabonyea, na mkono uliolowa ukapita juu ya kiuno chake, ukimtafuta mtoto.