Aliyehama Mgongoni mwa Mama Dobi

Siku ya tatu tangu atoke hospitali, Mama Dobi aliamka akasimama wima kama mlingoti, na godoro nyuma yake halikuinuka. Lile bonde la mwili lilibaki palepale, kana kwamba mwenzake bado kalala. Akalipiga makofi mawili, likajaa. Akajiambia, godoro kuukuu hili.

Sasa sikilizeni, maana mgongo ule ulikuwa na habari zake. Miaka thelathini ya kuinamia mabeseni ilimpinda. Moto na ganzi vilimshuka kiunoni hadi kisiginoni, hatua ishirini haziishi kashachuchumaa. Daktari akamwambia pingili mbili za chini zimekaribiana mno, zinabana mishipa ya miguu. Akamwekea katikati yake kipande cha chuma, kidogo tu, kizitenganishe. Bintiye wa mwisho, nyumba nzima wakimwita Kitindamimba, alimshika mkono mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akalia: "Mama, ningeweza, maumivu haya ningeyabeba mimi."

Maneno ya mtoto yeyote anayempenda mamaye.

Mama Dobi aliporudi kazini, wateja walimtania. "Umerudi usichana, mama. Tukutafutie mchumba?"

"Anza na mama yako," akajibu, wakacheka. Kitindamimba hakucheka. Alikuwa anapiga pasi huku kaegemea meza kwa kiwiko.

"Una nini?"

"Mguu tu, mama. Unawaka."

Na chumba cha pasi kikaanza kunuka nguo zilizokunjwa mbichi, ilhali zote zilikuwa kavu kau.

Adhuhuri moja walikuwa wanakamua shuka, mama ncha hii na binti ncha ile, huyu anasokotea kulia na huyu kushoto kama walivyozoea, mara Kitindamimba akaachia akashika kiuno kwa mikono miwili, na Mama Dobi akangoja shuka ianguke sakafuni lakini haikuanguka, ilibaki imenyooka hewani, ikaendelea kusokotwa polepole kutoka ule upande usio na mtu, maji yakichuruzika tone kwa tone, mpaka uzi wa kwanza ukakatika.

Mama Dobi akamwita bibi mkandaji, yule aliyemkanda mgongo miaka yote. Kitindamimba akalala kifudifudi. Bibi akaweka kiganja kiunoni mwake, akakiondoa upesi.

"Ni yuleyule," akanong'ona.

"Nani?"

"Niliyekuwa nikimkanda mgongoni mwako. Anapumua. Nilinyamaza nisikutishe, mwanangu."

"Kwa hiyo ulikuwa unakanda jini, mimi unaniambia ni baridi?"

"Nisamehe. Wao na chuma hawakai pamoja. Kilipoingia chuma, alihama. Lakini hapandi mgongo mwingine bila kukaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Kitindamimba akacheka kwenye mto, kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba. "Mwenyewe alisema atabeba. Mgongo mchanga huu. Nitakaa miaka sitini."

Mama Dobi hakungoja kuambiwa dawa. Kesho yake alikuwa mbele ya daktari.

"Kitoe."

"Mama, umepona. Nikikitoa, maumivu yatarudi."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Kwa nini?"

"Una watoto, daktari?"

"Wawili."

"Basi usiniulize."

Ilichukua wiki mbili za kubishana na karatasi za kutia dole gumba. Alipolazwa tena juu ya ile meza baridi, kabla dawa ya usingizi haijamchukua, aliongea na mto: "Rudi. Mlango nimekufungulia. Mwanangu muache."

Alipozinduka, alisikia uzito ukijipanga kati ya pingili zake, ukageuka mara mbili kama kuku anayetaka kutaga, ukatulia. Moto ukashuka hadi kisiginoni. Akamshukuru Mungu.

Jioni Kitindamimba aliingia wodini kwa hatua za mtu mzima wa afya. Akamkuta mamaye ameinamia sinki, amepinda kuliko zamani, anaosha uso. Machozi yakamlenga.

"Jamani, mama. Heri hata ninge—"

Kiganja kilicholowa kikamziba mdomo.

"Sema mvua inanyesha," Mama Dobi alinong'ona. "Sema nguo hazijakauka. Hilo usilimalize."

Binti akatikisa kichwa kukubali. Na mgongoni mwa Mama Dobi, kitu kikaacha kupumua, kikawa kinasikiliza.