Ngamia Wasio na Chapa

Kila Alhamisi alasiri, darasa langu la ngumbaru hapa Kutulo husoma gazeti. Tunasoma habari za teknolojia za wiki nzima. Wanafunzi wangu ni akina mama kumi na wawili, na wakianza maswali, mwalimu hapumui.

Alhamisi hiyo gazeti lilikuwa na mambo. Kuna simu inayokunjwa kama leso. Pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi. Habari ya tatu aliisoma Rukiyo, polepole, kidole kwenye mstari:

"Akili unde sasa inatengeneza video ya jambo ambalo halijatokea."

Aliinua uso. "Akili unde ni nini, mwalimu?"

"Ni kompyuta iliyofundishwa kwa picha na maneno mengi mno," nilisema. "Mtu anaiandikia: nipe mvua, nipe majani. Mara anapata video ya mvua na majani. Hakuna aliyeshika kamera."

Rukiyo akafunga daftari. "Mwalimu Fowsiya, twende kwangu sasa hivi."

Njiani alinieleza. Mume wake, Kerrow, alipata video kwenye simu. Ilionyesha bonde la Harodheer limejaa maji na majani. Kesho alfajiri angehamishia ngamia wote huko. Ni mwendo wa siku tatu, na njiani hakuna kisima.

"Tukifika tukute vumbi, ndama hawatarudi," alisema Rukiyo. "Na ngamia wenye ndama ndio wanaotupa maziwa."

Mimi pia niliogopa.

Tulimkuta Kerrow akifunga mitungi ya maji kwa kamba. Alipotuona akacheka.

"Ngumbaru imehamia kwangu?"

"Salamu kwanza, adeer," nilisema, nikimwita ami kwa heshima. "Halafu nionyeshe hiyo video."

Alinipa simu kwa fahari. Wallahi, video ilipendeza. Majani mabichi, maji yanameta, ngamia wanakunywa. Juu yake palikuwa na maandishi: Imesambazwa mara nyingi.

"Nani aliipiga?" niliuliza.

"Imetoka kwenye grupu."

"Aliyeileta alifika Harodheer?"

"Sijui."

"Ni ya lini?"

Kerrow akakuna ndevu. Rukiyo akamsogelea mumewe.

"Baba Keinan, ukituma sahan atangulie kutafuta malisho, akirudi unamuuliza nini?"

"Namuuliza kama aliona mwenyewe au alisikia tu. Namuuliza siku gani. Namuuliza alikutana na nani huko."

"Na hii simu uliiuliza nini?"

Kerrow alichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akatazama tena tangu mwanzo.

"Huyu ngamia ni wa nani?" alisema. "Hana chapa. Na huyu pia. Na huyu."

Hapa kwetu kila ngamia ana chapa ya ukoo wake. Kundi zima bila chapa, nani amewahi kuliona?

"Umeona vizuri, adeer," nilisema. "Lakini kesho mwingine ataiambia kompyuta iweke na chapa. Macho peke yake hayatoshi tena. Uliza imetoka kwa nani, ni ya lini, na nani mwingine ameona. Ukikosa jibu, subiri. Wala usimtumie mwenzako."

Kerrow aliahirisha safari, akamwomba binamu yake Salah aende Harodheer kwa pikipiki. Kesho yake alasiri Salah alipata mtandao, akapiga simu.

"Harodheer ni vumbi," alisema. "Nimekuta nyoka mmoja tu, naye ana kiu."

Rukiyo alicheka huku machozi yanamtoka. Kerrow alifungua mitungi. Kisha akarekodi sauti kwenye grupu, akawaonya wafugaji wenzake wasiende. Ngamia wakabaki karibu na kisima chetu, na mvua iliponyesha mwezi uliofuata, ndama wote walikuwa hai.

Siku hizi Kerrow huketi darasani, nyuma ya mkewe. Alhamisi iliyopita niliwasomea habari ya gari linalojiendesha bila dereva. Kerrow akainua mkono.

"Mwalimu, hilo gari umeliona mwenyewe?"

"La, adeer. Nimesoma tu."

"Aliyeandika aliliona? Siku gani?"

Darasa zima likanigeukia, likingoja jibu.