Ombi Lililoficha Ugonjwa

Dobi alikuwa anapiga pasi shati la tano asubuhi ile, kaka yake alipotoka chumbani akiwa ameshika ukuta.

"Umeamkaje, kaka?"

"Nimeamka, dada. Hilo tu nalo ni la kushukuru."

Walicheka kidogo. Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, tena fundi hasa. Lakini siku hizi mikono yake ilitetemeka mpaka anywe pombe kwanza.

Wiki iliyotangulia alitaka kuacha. Aliomba afungiwe chumbani, na dobi akamfungia. Siku ya pili alianguka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Akakimbizwa hospitali ya mbali, nusura afe.

Nesi wa zahanati aliwaambia bila kuwazungusha. "Mtu aliyezoea kunywa sana asiache ghafla peke yake. Ni hatari. Lazima asimamiwe na mhudumu wa afya. Huu ni ugonjwa, na unatibika."

Lakini zahanati ya mtaa haikuwa na dawa za ugonjwa huo, wala mnasihi, yaani mtu wa kuzungumza na wagonjwa na kuwasaidia waache.

Dobi alikuwa katibu wa kikundi cha afya cha mtaa. Kikundi kilikuwa kimeomba ruzuku, yaani fedha za msaada ambazo hazirudishwi, ili huduma hiyo ianzishwe. Asubuhi hiyo barua ya majibu ilifika. Ombi lilikuwa limekataliwa.

Nesi alipopita kuchukua makoti yake, dobi alimwonyesha barua pamoja na nakala ya ombi. Nesi akasoma kwa sauti: "'Mtaa wetu ni wa watu wenye heshima. Hakuna walevi wala watumiaji wa dawa za kulevya. Tunaomba msaada wa afya.' Dada, haya ni maneno gani?"

"Tulikubaliana kikao kizima. Tuliogopa mtaa usemwe vibaya."

"Sasa wafadhili wamlete mnasihi amtibu nani? Si mmewaambia hapa wote wazima?"

Dobi aliinamisha kichwa. Sentensi ile aliipendekeza yeye. Alitaka kumsitiri kaka yake, kumbe alikuwa amemnyima matibabu kwa mkono wake mwenyewe. Moyo ulimuuma sana.

"Nikiandika ukweli, majina ya watu si yatajulikana?"

"Majina hayaandikwi. Siri ya mgonjwa ni siri yake. Andika idadi. Sema wanaumwa nini, na huduma iko umbali gani. Sema mtafanya nini, nani atafanya, fedha zitatumikaje, na mtajuaje kama watu wanapona."

"Na nani atakubali kuhesabiwa?"

Fundi alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza. "Anza na mimi," alisema. "Andika mmoja."

Dobi akaenda kutafuta kalamu.

Kwa wiki mbili dobi na nesi walipita nyumba kwa nyumba. Kwingine walifukuzwa. Mama mmoja aliwafokea, "Kwetu hakuna mambo hayo!" Kisha akawafuata mpaka kwenye kona, akanong'ona, "Andikeni wawili. Lakini mimi sijasema kitu."

Wagonjwa walifika thelathini na mmoja. Kikundi kiliandika ombi jipya, safari hii bila kuficha lolote.

Baada ya miezi minne ruzuku ilikubaliwa. Lakini wawili kati ya wale thelathini na mmoja walikuwa wameshafariki. Kama ombi la kwanza lingesema kweli, huenda wangepona. Dobi analijua hilo, na mpaka leo linamkosesha raha.

Zahanati ikatenga chumba cha matibabu hayo. Kikaoni mwenyekiti akashauri, "Hawa wapitie mlango wa nyuma, wasionwe na watu." Wengi wakaafiki, naye dobi akaliandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, watu kadhaa walikuwa wanazungukazunguka nyuma ya jengo, kila mmoja akijifanya anapita tu. Fundi aliwaona. Akapita mbele, katikati ya kina mama na watoto wao, mpaka kwenye meza ya kuandikisha.

"Unaumwa nini?" aliuliza karani.

"Pombe," alijibu fundi. Hakunong'ona. "Nimekuja kutibiwa."

Karani akaandika, akamwonyesha benchi. "Kaa hapo, utaitwa."

Fundi akakaa. Baada ya muda mwanamume mmoja aliingia kutoka nyuma ya jengo, akajiandikisha, akakaa pembeni yake. Kisha akaja mwanamke. Wakaendelea kuja mpaka wakasogezeana nafasi.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aanze matibabu. Mara moja fundi alirudia pombe. Kesho yake akarudi zahanati mwenyewe, na nesi akampokea bila kumsimanga. Sasa amerudi kwenye kazi yake ya kuchomelea. Mlango wa nyuma hakuna anayeutumia. Wameegemeza hapo kabati la dawa.