Kompyuta Iliyokataa Adhuhuri

Haya yalimpata rafiki yangu Lukudu, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Awindiri. Ofisi moja ya wakimbizi kule Koboko ilimwita kwa sababu kompyuta yao, kila ilipowashwa, saa yake ilirukia jioni na kadi za chakula, ambazo huchapwa mchana tu, zikakataa kuchapwa.

"Watu iko nje tangu asubuhi, fundi," alisema Paska, karani. "Watoto hapana kula."

Ilikuwa adhuhuri, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi. Lukudu alibadilisha betri, akarekebisha saa, akazima, akawasha. Jioni. Akafungua faili la maagizo ambayo kompyuta hujisomea inapoamka, akafuta kila mstari uliogusa saa. Jioni tena. Hakubakiwa na la kujaribu.

Ndipo aliposikia kwamba kelele za foleni zimekatika. Vyura walikuwa wakilia.

"Paska, fungua dirisha."

Paska akalifungua. Nje giza la jioni lilikuwa limetanda, na uwanja hauna mtu. Lukudu aliwaita watu wa foleni mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyeitika. Akarudi mezani kwa kupapasa, mkono ukagusa bilauri ya chai aliyomiminiwa alipofika mchana ule. Ilikuwa bado inaunguza.