Posa Isiyojibiwa

Wiki ya kukusanya tasnifu, steshenari iliyo mbele ya lango la chuo huwa haina pa kutia mguu. Wanafunzi walisukumana na flashi mikononi, mashine ya kudurufu ikinguruma, hewa yote ikinuka wino wa moto. Katika vurumai hiyo kijana mmoja, mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya Kiislamu, shati lake limepigwa pasi mpaka kola imesimama, alijipenyeza hadi mezani akatua rundo la karatasi, sura ya kwanza ya tasnifu atakayoikusanya muhula ujao, mbele ya mchapaji.

"Yote haya umeandika kwa kalamu?" mchapaji aliuliza. Alivaa gauni refu la zambarau na mtandio wa kijivu, na vidole vyake havikuacha kucheza kwenye kibodi hata alipoinua macho.

"Kompyuta yangu imekufa."

"Inna lillahi. Mazishi lini?"

Kijana akacheka, na hapo ndipo alipokwisha.

Tangu siku hiyo alileta kila sura mwenyewe, kurasa mbili mbili, ili safari ziwe nyingi. Miezi minne ikapita hivyo, na simu zikaanza.

"Mwanachuoni wangu, umekula?"

"Nitakulaje na sura ya tatu hujaimaliza?"

"Ala! Kumbe unaipenda sura ya tatu."

"Nampenda mchapaji. Sura ni kisingizio tu."

"Kisingizio hakiji kuposa, mpenzi."

"Nikishatetea tasnifu, wazee wangu wako mlangoni kwenu. Naapa."

Sura ya tatu ilihusu posa: kwamba Mwislamu asipose juu ya posa ya mwenzake. Mchapaji aliichapa mpaka tanbihi ya mwisho, akiuliza maswali njia nzima.

"Sasa kama binti hajajibu?"

"Kama hajajibu, mlango uko wazi. Wanazuoni wengi wamesema hivyo, na mimi niko pamoja nao. Andika."

Akaandika.

Jumatatu moja, mlangoni mwa msikiti, kijana alikutana na kaka yake mchapaji, ambaye hakujua lolote kuhusu mapenzi yao.

"Dada kaletewa posa bwana," kaka alisema akivaa viatu. "Mhandisi. Watu wa maana. Baba kafurahi kweli."

Kijana alishika ukuta. Mtu aliyeisoma dini sana ana ugonjwa wake: akisikia harufu ya haramu hukimbia kabla ya kutazama kinachonuka. Hakuuliza kama posa imejibiwa. Alikwenda chumbani kwake, akaifungia namba ya mchapaji isimfikie tena, akafunga mkoba, akaondoka kwenda kwa mama yake akijiambia kwamba anachunga haki ya mwenzake. Njia nzima alilia.

Posa haikuwa imejibiwa. Baba alikuwa amempa binti yake mpaka Ijumaa afikiri. Mchapaji alipiga simu Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi alimwendea maktabani, akaambiwa kasafiri. Ijumaa baba alimwita sebuleni.

"Baba, kuna mtu mwingine," alisema.

"Vizuri. Yuko wapi?"

Aliomba asubiriwe mpaka alasiri. Alasiri ilipopita, simu ikiwa kimya mapajani, alisema ndiyo, kisha akaingia bafuni akafungua bomba ili asisikike.

Siku kumi baadaye kijana alirudi steshenari. Hakuwa na ujanja, tasnifu yake nzima ilikuwa kwenye kompyuta ya mchapaji. Alikuwa amekonda na kola imelala.

"Hongera," alisema, macho sakafuni. "Nilisikia siku ile ile posa ilipoletwa. Nikaona nijitoe."

Vidole vikasimama kwenye kibodi.

"Siku ile ile?"

"Kaka yako aliniambia."

"Alikwambia imeletwa au imejibiwa?"

Kijana aliinua macho kutoka sakafuni. Rangi ilimtoka usoni.

"Nilikusubiri siku tano ndipo nikamkubali," mchapaji alisema. "Kila mlango ukigongwa nilisema ndiye huyo. Nilijua utakuja kwa sababu sheria yenyewe nimeichapa kwa mkono wangu! Wewe msomi, hukuweza kuuliza neno moja?"

"Niliogopa dhambi."

"Basi niambie sasa nimkatae. Sema tu, leo hii namkatalia."

Machozi yalimtoka kijana. Alimpenda kuliko alivyowahi kupenda kitu, na alilijua jibu la swali hilo kuliko mtu yeyote mtaani.

"Siwezi. Umeshamkubali. Nikikuomba hivyo, ndiyo nitakuwa nimeposa juu ya posa ya mwenzangu."

"Kwa hiyo ilipokuwa halali hukuja. Leo imekuwa haramu ndiyo umesimama hapa unalia."

Nyuma ya kijana mwanafunzi mmoja aligonga meza kwa haraka zake.

Mchapaji alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akachomoa flashi yenye tasnifu, akaiweka mezani mahali ambapo mikono yao isingegusana.

"Ndoa ni mwezi ujao. Tafadhali usije," alisema. "Nitakuombea ufaulu."

Kisha akamtazama yule wa nyuma.

"Kurasa ngapi?"