Ujumbe wa Kaka Yangu Ulilala Ndani ya Mashine

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, nimezaliwa Buyenzi hapa Bujumbura, na nimechoka. Sitafuti huruma. Nataka tu kuutua mzigo huu mbele ya watu wasionijua.

Miaka ile tulikuwa tumeshaizoea vita. Nilifanya kazi ya kompyuta katika kampuni ya malori, na shefu wangu, yaani mkubwa wangu wa kazi, alikuwa mume wangu, Deo. Alisilimu ili anioe, mama yangu akampenda na kumwita mwanangu... Ndiyo maana inauma.

Kazi yetu ilikuwa ujumbe. Alfajiri, wakala wetu wa Gatumba, kwenye mpaka wa Kongo, aliandika kwenye kompyuta yake kama kuna hatari njiani. Ujumbe ulipita kwenye seva yetu mjini, kisha ukatoka kwenye printa ya gereji ya Kanyosha, malori yalikolala. Madereva walikuwa na mazoea yao. Printa ikinyamaza, njia ni nzuri, wanawasha gari. Habari njema haikuandikwa. Nani alikuwa na nguvu ya kuandika habari njema siku zile?

Kaka yangu Ramadhani alikuwa mmoja wa madereva hao. Baba alipofariki, ni yeye aliyenisomesha.

Wakubwa waliponunua seva ya pili, ili ya kwanza ikifa hii ishike kazi palepale, mimi ndiye niliyepewa kupanga masharti ya mitambo. Nilipanga nikimfikiria Ramadhani. Seva mbili zisitume ujumbe kwa wakati mmoja, zisije zikavurugana. Ujumbe unaosubiri kutumwa usikae kamwe ndani ya seva moja. Ukae kwenye diski ya pamoja, ambayo zote mbili zinaifikia, ili ile inayoamka iukute. Na kila mwezi tuchomoe waya wa seva ya kwanza, tuone kwa macho yetu kama ya pili inaamka na ujumbe wote.

Deo ndiye aliyefunga mitambo. Nilipomuuliza kama amefuata masharti, alicheka.

"We bibi yangu, unaogopa sana. Nimefanya vile ulisema."

Na waya, tutauchomoa lini? nikamuuliza.

"Mwezi ujao. Na hii vita, unataka tuzimishe mashine?"

Mwezi ujao ukaja, ukawa tena mwezi ujao... Nikisisitiza, ananuna hadi chakula kinapoa. Nikaacha. Alikuwa mume wangu, ningemkagua mume wangu?

Asubuhi moja umeme ulikatika mjini kote, na betri ya seva ya kwanza ikagoma. Seva ya pili iliamka palepale kwa betri yake, taa zake za kijani zikawaka, ofisi nzima ikapiga makofi. Nami nilipiga makofi, wasomaji! Wakati huo huo kule Kanyosha, ambako umeme ulikuwepo, printa ilikuwa kimya, na Ramadhani alikuwa anawasha lori.

Wenye bunduki walimpiga risasi njiani, kabla hajafika Gatumba.

Tulimzika siku hiyohiyo, kama dini yetu inavyotaka. Deo alibeba jeneza akiwa mbele, akalia kuliko mimi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume wa namna ile.

Umeme uliporudi tulikuwa bado kwenye matanga. Saidi, fundi wa gereji, alikuja mbio, akaniita pembeni.

"Zuhura, printa imesema leo. Inasema Gatumba wanapiga, kamyo zisitoke. Lakini saa yake ni ya ile asubuhi ya Ramadhani."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wakala alikuwa ameandika. Ujumbe ulifika seva ya kwanza, umeme ukakatika kabla haujatumwa, ukalala humo ndani. Seva ya pili iliamka haina kitu. Seva ya kwanza ilipopata umeme, ikamaliza kazi yake, ikatuma onyo kwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilimuuliza Deo uani, karibu na masufuria ya matanga. Hakubisha. Diski ya pamoja ilikuwa inachelewesha, wakubwa walilalamika, akauhamishia ujumbe ndani ya seva ya kwanza. Mitambo ikaenda haraka, akasifiwa.

"Mi nilitaka iende mbio tu. Usiambie mama."

Nilimwambia mama. Hakupiga kelele. Tangu siku ile hakumwita tena mwanangu.

Nilidhani nimefika mwisho wa maumivu... Wakubwa walituita, wakauliza nani alipanga mitambo ile. Deo alitazama chini, akasema, "Ni bibi yangu." Basi. Kwamba yeye ndiye aliyevunja masharti yangu, hakulitaja. Nikafukuzwa kazi, yeye akabaki. Nikarudi kwa mama na nguo zangu, na talaka ikafuata.

Leo nafanya kazi mahali pengine. Kila mwezi, mchana, mbele ya waliofunga mitambo na wakubwa wao, nachomoa waya kwa mkono wangu. Wananiita mkorofi. Sawa, waniite.

Wasomaji, nawasihi. Mtu mnayempenda akiwaambia iko sawa, ombeni muone. Msiogope sura itakayokunjwa. Deo angeninunia jioni moja, labda mbili, tungeyamaliza. Na Ramadhani angekuwa pale Gatumba leo, anabishana na askari wa mpaka kuhusu mzigo wake, mimi namsubiri kwa chakula cha jioni.